Mtoto akiwekwa orodha ya kusubiri chuoni: Barua moja inatosha, kisha alale

Ujumbe wa wiki hii umetoka kwa mama mmoja wa Arusha. Ameandika hivi: "Dada mwandishi, kijana wangu yuko kidato cha sita, shule ya kutwa. Aliomba vyuo vya Marekani. Viwili vimemkataa, kimoja kimemkubali, na kile anachokitaka kuliko vyote kimemwambia yuko kwenye orodha ya kusubiri. Sasa halali. Saa nane usiku nakuta taa inawaka, anafungua barua pepe. Baba yake anasema tutafute mtu wa kumpigia simu mkuu wa chuo. Tufanyeje?"

Mama, shikamoo, na pole kwa presha. Wasomaji wamezoea kukuta hapa habari za chanjo, lishe na homa za watoto. Lakini swali lako lina mambo mawili ndani yake: barua ya kuandika, na mtoto asiyelala. Nitayajibu yote mawili kwa pamoja, kwa sababu moja likifanywa vizuri la pili hupungua uzito.

Jibu fupi ni hili. Kilichobaki mikononi mwenu ni kidogo: kijana akubali kubaki kwenye orodha, aandike barua moja nzuri, na nyie mlipie nafasi ya chuo kilichomkubali. Hayo yakishafanyika, kazi ya mzazi ni kulinda usingizi na mtihani.

Orodha hii si awamu ya pili

Hapa kwetu tumezoea udahili wa awamu. Ukikosa awamu ya kwanza unaomba ya pili, nafasi zilizobaki zinatangazwa, unachagua. Orodha ya kusubiri ya vyuo vya Marekani haiko hivyo.

Kule mwanafunzi mmoja huomba vyuo vingi kwa wakati mmoja, na mwisho huchagua kimoja. Kwa hiyo chuo hutoa nafasi nyingi kuliko vitanda kilivyonavyo, kikikisia wangapi watakuja kweli. Vingi huwapa waliokubaliwa hadi tarehe 1 Mei kujibu. Baada ya hapo chuo huhesabu. Wakija wengi, orodha ya kusubiri haiguswi. Wakija pungufu, chuo hurudi kwenye orodha na kuchukua wa kuziba pengo.

Kwa kawaida orodha hiyo haina namba ya kwanza wala ya mwisho. Chuo huangalia kimepungukiwa nini. Huenda waliothibitisha wengi ni wa uchumi na wa fizikia ni wachache. Huenda bajeti ya ufadhili imebaki, au imekwisha. Mambo hayo mtoto wako hayaoni na hawezi kuyabadilisha.

Sasa uwezekano. Chama cha washauri wa udahili wa Marekani, NACAC, kilieleza katika ripoti yake ya mwaka 2019 kwamba kwa wastani vyuo vilichukua asilimia 20 ya wanafunzi waliokubali kubaki kwenye orodha. Kwa vyuo vyenye ushindani mkubwa ilikuwa asilimia 7. Yaani katika kila wanafunzi 100 waliosubiri chuo cha aina hiyo, 93 hawakuitwa.

Mnaweza kuangalia chuo chenu wenyewe. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka waraka uitwao Common Data Set. Andika jina la chuo na maneno hayo kwenye intaneti, fungua sehemu ya C2. Utaona idadi ya waliowekwa kwenye orodha, waliokubali kubaki, na waliochukuliwa mwishoni. Angalia miaka mitatu au minne, kwa sababu mwaka mmoja unaweza kudanganya. Mwaka 2020, kwa mfano, corona iliwafanya wanafunzi wengi kubadili mipango na vyuo vingi vikachukua watu wengi kutoka kwenye orodha kuliko kawaida.

Someni namba hizo pamoja na mtoto. Zitamuumiza kidogo, ila zitampa kipimo cha tumaini lake. Mtoto anayedhani nafasi yake ni nusu kwa nusu hukesha zaidi ya anayejua ni ndogo.

Kabla ya barua, jibuni

Vyuo vingi havimweki mtu kwenye orodha moja kwa moja. Humpa nafasi ya kukubali, na asipokubali kufikia tarehe waliyoitaja, jina hutoka. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kijana aingie kwenye akaunti yake ya maombi na kubonyeza kwamba anabaki.

Angalieni saa pia. Vyuo huandika tarehe ya mwisho kwa saa za kwao. Kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, New York iko nyuma yetu kwa saa saba. Wakisema mwisho ni saa sita kasoro dakika moja usiku wa tarehe 1 Mei, kwetu ni saa moja kasoro dakika moja asubuhi ya tarehe 2. Usingoje hadi hapo. Umeme na bando havijui tarehe.

Kisha someni ujumbe wa chuo neno kwa neno. Vipo vinavyokaribisha barua. Vipo vyenye fomu fupi ya kujaza. Na vipo vinavyosema wazi visiletewe chochote zaidi. Chuo kikisema hakitaki, msitume. Anayetuma baada ya kuambiwa asitume anaonyesha kwamba hasomi maelekezo.

Barua yenyewe

Iandikwe na mtoto, itoke kwenye barua pepe yake au akaunti yake ya maombi, isizidi ukurasa mmoja. Itumwe ndani ya wiki moja au mbili tangu apate jibu. Inatakiwa kusema mambo manne.

La kwanza, shukrani fupi. Asilalamike wala asiulize kwa nini hakuchukuliwa.

La pili, kwamba bado anakitaka chuo, na kama ni kweli, kwamba akichukuliwa atakwenda. Chuo kinajaza viti vya mwisho, hivyo hakipendi kumwita mtu atakayesema "ngoja nifikirie". Lakini maneno hayo yanaandikwa kwa chuo kimoja tu. Akiyaandika kwa viwili, kimoja amekidanganya. Na kama kwenda kwake kunategemea ufadhili, aseme hivyo.

La tatu, jambo jipya tangu alipotuma maombi. Hapa ndipo barua nyingi hufa, kwa sababu mtoto hurudia yale yale waliyokwisha kuyasoma. Jipya ni matokeo ya mtihani wa utamilifu, kazi aliyoimaliza, jukumu alilopewa shuleni, au hata jukumu la nyumbani. Kama amekuwa akifungua duka la bibi kila jioni baada ya masomo, hilo ni jambo la kweli na linafaa kuandikwa.

La nne, sababu moja mahususi ya kukitaka chuo hicho: somo fulani, maabara, au namna wanavyofundisha.

Barua itaandikwa kwa Kiingereza, lakini nitatoa mfano kwa Kiswahili ili mzazi aone tofauti. Barua dhaifu husema: "Chuo chenu ni bora duniani na imekuwa ndoto yangu tangu utotoni. Nawaomba sana mnifikirie." Badilisha jina la chuo, na barua hiyo inafaa kutumwa kokote.

Yenye nguvu husema: "Asanteni kwa kunipa nafasi kwenye orodha ya kusubiri. Bado nakitaka chuo hiki kuliko vingine, na mkinipokea pamoja na msaada wa kifedha nilioomba, nitakuja. Tangu nitume maombi mwezi Januari nimefanya mtihani wa utamilifu na kupata A ya Hisabati na B ya Fizikia. Mwalimu wangu anawatumia ripoti. Pampu ya maji niliyoieleza kwenye insha yangu sasa inamwagilia bustani ya shule, na nimewafundisha wanafunzi wawili wa kidato cha tano kuitunza ili isife nikiondoka."

Hakuna maneno makubwa hapo, ila anayesoma anamwona mtoto.

Mwalimu au mkuu wa shule anaweza kutuma ripoti mpya ya masomo, na barua moja fupi ya kumwunga mkono kama chuo kinaruhusu. Ikiwa baadaye litatokea jambo kubwa la kweli, mtoto anaweza kuandika tena mistari michache. Vinginevyo, barua moja inatosha. Kuandika kila wiki hakumwongezei mtu uzito.

Kwa wenye watoto wa bweni, ambako simu haziruhusiwi: kubalianeni mapema nani atafungua barua pepe. Mtoto akikupa neno la siri, soma na umjulishe kupitia shule, lakini usimjibie chuo kwa jina lake bila yeye kujua.

Baba, hiyo simu iache

Nasema kwa heshima, baba. Najua nia ni njema. Kwetu, jambo likikwama tunatafuta mtu anayemjua mtu. Lakini ofisi ya udahili ya Marekani ikipigiwa simu na mzazi anayesihi, au ikiletewa barua ya mheshimiwa asiyemjua mtoto, inachokiona ni familia inayomsemea kijana wa miaka 18. Haimsaidii, na yaweza kumharibia.

Kuna simu moja inayofaa, na hiyo apige mtoto mwenyewe au aandike barua pepe: kuuliza kama wanaochukuliwa kutoka kwenye orodha ya kusubiri bado wanapata msaada wa kifedha. Kwa familia nyingi hilo ndilo swali kubwa kuliko yote.

Pesa na nafasi iliyopo mkononi

Vyuo vingi vya Marekani hutazama uwezo wa kulipa vinapoamua kumpokea mwanafunzi wa kutoka nje. Vichache, vikiwemo Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, hutangaza kwamba havifanyi hivyo. Kwa vilivyobaki, mwombaji anayehitaji ufadhili mkubwa anaweza kukuta nafasi ipo na fungu limekwisha. Ulizeni mapema, ili msije mkaitwa mwezi wa sita na kubaki na furaha ya siku moja.

Wakati huo huo, lipieni nafasi ya chuo kilichomkubali kabla ya tarehe yake. Malipo hayo ya kushika nafasi mara nyingi ni dola mia kadhaa, na kwa kawaida hayarudi mtoto akienda kwingine. Inauma, lakini bila hayo anaweza kubaki bila chuo kabisa. Kama kiasi hicho ni kizito, andikeni chuoni kuomba msamaha wa malipo au kuongezewa muda. Vyuo vingi vina utaratibu huo.

Na tafadhali, msikiite chuo hicho "cha akiba" mbele ya mtoto. Huenda ndiko atakakokaa miaka minne.

Kuhusu viza, muda ni mfupi kwa anayeitwa kutoka kwenye orodha. Chuo lazima kwanza kitoe fomu ya I-20 baada ya kuona ushahidi wa fedha. Kisha kuna ada ya SEVIS, dola 350, ada ya maombi ya viza, halafu usaili ubalozini. Mwanafunzi haruhusiwi kuingia Marekani zaidi ya siku 30 kabla ya tarehe ya kuanza masomo iliyo kwenye fomu yake, na vyuo vingi hufungua mwishoni mwa Agosti. Masharti ya viza kwa raia wa nchi mbalimbali yamebadilika sana tangu 2025, na kwa baadhi ya nchi yamekazwa. Kabla ya kulipa chochote, someni tovuti ya ubalozi wa Marekani wa nchi yenu wenyewe, msitegemee maneno ya wakala.

Ushauri wa bure upo. EducationUSA, mtandao unaoungwa mkono na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, hutoa ushauri kwa wanafunzi wa nchi nyingi, Tanzania na Kenya zikiwemo. Mtu anayekuahidi kumtoa mtoto kwenye orodha kwa ada, mkimbie.

Sasa turudi kwenye ile taa ya saa nane usiku

Chama cha madaktari wa usingizi cha Marekani kinashauri vijana wa miaka 13 hadi 18 walale saa 8 hadi 10 kwa siku. Ubongo usiolala husahau kilichosomwa mchana, na hasira huwa karibu. Kwa kijana wa kidato cha sita hili ni zito zaidi, kwa sababu mtihani wa taifa hufanyika mwezi Mei, wiki zile zile ambazo orodha za kusubiri huanza kusogea. Akikesha akingoja chuo kimoja, anaweza kuharibu matokeo ambayo vyuo vyote, vya huko na vya hapa, vitayataka.

Mwonyeshe hesabu hii. Ofisi za vyuo vya mashariki ya Marekani zikifunguliwa saa tatu asubuhi kwao, kwetu ni saa kumi jioni. Zikifungwa saa kumi na moja jioni kwao, kwetu ni saa sita usiku. Barua ikitumwa saa tano usiku kwa saa zetu, ataikuta asubuhi saa kumi na mbili, na wakati huo New York ni usiku wa saa tano, ofisini hakuna mtu. Ni kweli anayeitwa hupewa muda mfupi wa kujibu, mara nyingi siku chache, wakati mwingine saa 24. Hata hivyo, anayeangalia mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni, hapitwi.

Kwa hiyo wekeni utaratibu. Barua pepe ifunguliwe asubuhi na kabla ya chakula cha jioni. Usiku simu ichajiwe sebuleni, na ya mzazi pia, asione anaadhibiwa. Arudi kwenye mpira, kwaya au chochote alichokuwa akifanya kabla ya mambo haya.

Mzazi naye apunguze kuuliza "wamejibu?" Chuo kikijibu, atakwambia. Habari zisipelekwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, maana shangazi sita wakiuliza swali moja kila siku, mtoto anabeba maswali sita. Wakiuliza, jibu moja linatosha: "Amepata chuo, mipango inaendelea." Na ni kweli, amepata.

Lini usiseme ni presha ya kawaida

Kusononeka siku kadhaa baada ya jibu kama hili ni kawaida. Lakini kama kwa wiki mbili mfululizo kijana ana huzuni karibu kila siku, hali vizuri, halali au analala kupita kiasi, amejitenga na marafiki, au anajiita mzigo na mjinga, mpeleke kituo cha afya akaonwe. Unaweza kuanza na daktari wa kawaida, naye atakuelekeza kwa mtaalamu wa afya ya akili.

Akisema hataki kuishi, usimkemee na usimwache peke yake. Keti naye, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua (kuuliza hakumpi wazo hilo), ondoa dawa na sumu za wadudu karibu yake, kisha mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Namba 116, huduma ya simu kwa mtoto, ni ya bure Tanzania na Kenya pia.

Wekeni tarehe yenu

Orodha nyingi husogea kati ya Mei na Juni, na baadhi huendelea hadi Julai au Agosti. Chuo chaweza kuchelewa kusema kimefunga. Familia isingoje kufungiwa. Chagueni tarehe yenu, tuseme mwisho wa Juni, na baada ya hapo mipango yote iwe ya chuo kilichomkubali: malazi, tiketi, nguo za baridi, makundi ya wanafunzi wapya. Mwito ukija baadaye mtaamua kwa utulivu, mkilinganisha gharama za vyuo viwili vya kweli.

Mama wa Arusha, mwambie kijana barua yake aiandike Jumamosi hii, mchana, aisome mwalimu mmoja, aitume. Jumamosi usiku taa izimwe saa nne.

Wiki ijayo tutazungumzia chakula cha mwanafunzi anayefanya mtihani, hasa asubuhi. Maswali yako yatume kwa njia ile ile.